Maneno ya matangazo yasifungiwe ndani ya kurasa za wavuti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limekuwa mikononi mwangu kila siku tangu nilipofungua saiba yangu, yaani duka la huduma za kompyuta na mtandao, hapa Kondele, mjini Kisumu, miaka 9 iliyopita. Jambo lenyewe ni kuyatoa maandishi ndani ya ukurasa wa wavuti na kuyahifadhi katika faili ya maandishi matupu, yaani herufi na nambari pekee bila picha, rangi wala matangazo ya biashara, kwa kutumia programu ndogo zinazoendeshwa kwa kuandika amri badala ya kubofya. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta na hayana nafasi katika ukurasa wa barua. Mimi nilisomea uhazili, sikusomea kompyuta, na ninaandika kwa sababu wanaoumia kwa kutojulikana kwa jambo hili, au kwa kupuuzwa kwake na wanaotuandikia kurasa hizo, ni wakulima, wazazi na walimu wanaoingia kwangu wakiwa na shilingi 50 mkononi.

Nianze na karatasi, kwa maana ndiko nilikoanzia. Mteja huingia na simu, akanionyesha tangazo la nafasi za mafunzo au la mnada, akaniomba nimchapishie. Miaka ya kwanza nilikuwa nikiufungua ukurasa katika kivinjari na kuutuma kwa printa jinsi ulivyo. Siku moja zilitoka karatasi 7: ya kwanza ilijaa nembo na picha ya jengo, ya pili ilikuwa orodha ya kurasa nyingine ambazo mteja hakuziomba, tangazo lenyewe lilianza katikati ya karatasi ya tatu likaishia juu ya karatasi ya tano, na zilizobaki zilikuwa picha zilizokatika nusu na maneno ya kuwaalika watu waifuate ofisi hiyo katika mitandao ya kijamii. Karatasi moja kwangu ni shilingi 10. Mama aliyetoka Ahero kwa matatu alilipa 70 kwa kitu kilichostahili 20, akatoka akizigeuzageuza karatasi kutafuta ni wapi tarehe ilipoandikwa, na nafsi yangu ikanisuta jioni nzima.

Kijana mmoja aliyekuwa kwangu kwa mafunzo ya nyanjani ndiye aliyenifungulia dirisha jeusi la amri na kuandika mstari huu:

lynx -dump -nolist anwani-ya-ukurasa > tangazo.txt

Neno la kwanza ni jina la programu. La pili linaiagiza imwage maandishi yote kwa mara moja badala ya kuufungua ukurasa ili usomwe kwenye skrini. La tatu linaizuia isiambatishe mwishoni orodha ndefu ya viungo vyote vilivyomo. Alama inayofuata anwani hupeleka kilichomwagwa katika faili niliyoitaja. Nilipoichapisha faili hiyo zilitoka karatasi 2, zenye maneno ya tangazo kuanzia juu hadi chini, na tarehe ya mwisho ikaonekana kwa kutupa jicho mara moja.

Ili mtu aelewe kwa nini kazi hii si ya kukwanguakwangua tu, inafaa ajue ukurasa wa wavuti umefanywa kwa nini. Kwa undani wake ni maandishi yaliyochanganywa na alama za lugha ya HTML, ambazo huiambia programu inayousoma ukurasa kwamba hapa panaanza aya, hapa pana kichwa, hapa pana orodha, hapa pana jedwali lenye safu tatu. Picha, video na vijiprogramu vingi vinavyouchezesha ukurasa hukaa nje yake na kuitwa baadaye, na hivyo ndivyo vinavyomaliza bando la mteja. Programu kama lynx huchukua ukurasa wenyewe peke yake na kuviacha vingine vyote huko viliko, kisha huzitii alama hizo: aya hutenganishwa kwa mstari mtupu, vipengele vya orodha huwekewa nyota, na mistari hukatwa isizidi upana ulioutaka. Tangazo la maneno 600 ya Kiswahili, likishatolewa hivyo, huwa na ukubwa wa takribani kilobaiti 4, kwa kuwa alfabeti yetu haina herufi za vitone wala vipeo na kila herufi hutosheka na baiti moja. Faili ya namna hiyo hufika hata kule ambako mtandao hutambaa, na hufunguka katika simu au kompyuta yoyote, iwe ya mwaka huu au ya miaka 20 iliyopita.

Mwanzoni nilidhani ningeweza kufuta alama zote kwa amri ya kutafuta na kufuta, maneno yakabaki. Nilijaribu na ratiba ya kliniki. Kilichotoka kilikuwa mstari mmoja uliogandamana, NyalendaJumatatuSaa 3ManyattaJumanneSaa 4, kwa sababu alama nilizozifuta ndizo zilizokuwa ukuta kati ya chumba kimoja cha jedwali na kingine. Katikati ya maneno kulikuwa pia na mistari mingi ya vijiprogramu ambayo haikuwa alama na kwa hiyo haikufutika. Tangu hapo kwa kurasa zenye majedwali hutumia w3m, programu iliyoandikwa na Akinori Ito wa Japani, ambayo huyapanga majedwali vizuri kuliko lynx:

w3m -dump -cols 72 ratiba.html > ratiba.txt

Nambari 72 ni upana wa mstari kwa herufi, na unaweza kuupunguza hadi 40 ukitaka kusoma kwenye simu ndogo. Ipo pia pandoc, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, ambaye ni profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nayo ni hodari kwa makala marefu yenye vichwa na tanbihi. Zote tatu ni za bure. Mwenye simu ya Android anaweza kuweka Termux kisha akaziweka lynx na w3m humo, na wanafunzi wawili wa mtaani kwetu wanafanya hivyo bila kumiliki kompyuta.

Nimesikia ikisemwa kwamba kuusoma wavuti kwa maandishi matupu ni kurudi nyuma, au ni dawa ya maskini asiye na bando. Historia haikubaliani na kauli hiyo. Tim Berners-Lee alipouanzisha wavuti katika kituo cha CERN, kivinjari chake cha kwanza kiliendeshwa na kompyuta za aina ya NeXT pekee, ambazo wachache walikuwa nazo. Aliyewafungulia wengine mlango alikuwa mwanafunzi, Nicola Pellow, aliyeandika kivinjari cha maandishi kilichoweza kutumika karibu katika mtambo wowote uliokuwapo. Lynx yenyewe ilianza mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, na mpaka leo ingali inatunzwa na kuboreshwa. Wengi wa wateja wangu hawakuwa wamezaliwa.

Sasa nifike kwenye kisa kilichonifanya nikate shauri kuandika. Mwaka jana, msimu wa mvua za masika, mzee mmoja kutoka uwanda wa Kano alikuja kuniuliza kama tangazo la chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo limetoka kwa wadi yao. Nilikuwa na desturi ya kuzipakua kurasa zote za matangazo kila Jumatatu asubuhi na kuzigeuza kuwa maandishi, na nilikuwa nikijivunia kwamba naweza kuzipekua zote kwa sekunde moja. Niliagiza kompyuta initafutie neno ng'ombe katika faili zote za juma hilo. Haikuleta kitu. Nikamwambia mzee kwamba bado. Akanishukuru, akaniita nyathina, yaani mwanangu, akarudi nyumbani.

Chanjo ilifanyika Alhamisi iliyofuata, kwenye josho lililo umbali wa kilomita mbili kutoka bomani kwake. Alipopata habari shughuli ilikuwa imekwisha, na ikambidi amlipe daktari wa mifugo binafsi kwa ng'ombe wake 6.

Aliporudi kuniambia, hakunilaumu. Nilizifungua faili moja baada ya nyingine na kuzisoma kwa macho, na tangazo nikalikuta, limo tangu Jumatatu, na neno limeandikwa wazi: ng’ombe. Atazame msomaji kwa makini. Ritifaa, yaani ile alama ndogo kati ya g na o, katika neno hilo imepinda, ilhali ile niliyoitafuta mimi imenyooka. Kwa jicho la binadamu hizo ni alama moja, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa, zenye nambari tofauti. Aliyeliandika tangazo alilichapa katika programu ya kuandikia barua, ambayo huzipinda ritifaa zote kwa kudhani inazipamba, kisha akalinakili katika ukurasa. Mimi nilitafuta kwa ritifaa iliyomo katika kibodi. Ng'ombe wa mzee walipita katikati ya alama hizo mbili.

Lugha nyingi hutumia ritifaa kufupisha maneno, na ikikosewa maana husalia. Katika Kiswahili ritifaa ni sehemu ya sauti yenyewe, na mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba ng'oa na ngoa si neno moja. Ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, kung'atwa, nyong'onyea: ukitazama orodha hii utaona kwamba mfugaji na mkulima hawawezi kuandika sentensi tatu bila kuikuta alama hiyo. Ndiyo maana nasema kwamba kosa ambalo kwa wengine ni la urembo, kwetu ni la kupoteza habari. Siku hizi kila faili inapotoka kwenye lynx au w3m naipitisha kwanza katika amri ya sed inayonyoosha ritifaa zote zilizopinda, na ninapotafuta huandika nukta mahali pa ritifaa, ng.ombe, kwa kuwa nukta katika grep, amri ya kutafuta maneno, husimama badala ya herufi yoyote moja. Laiti ningalijua hayo Jumatatu ile.

Ritifaa hiyo ina madhara mengine mawili ambayo nimeyaona kwa karibu. La kwanza ni pale ukurasa usipotangaza mfumo wake wa herufi, yaani kanuni inayoonyesha ni baiti zipi zinazosimamia herufi ipi. Katika mfumo wa UTF-8 ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu, na programu ikidhani kwamba ukurasa umeandikwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, huzisoma baiti hizo kama herufi tatu za kigeni. Matokeo yake mteja hupewa karatasi iliyoandikwa ngâ€™ombe, na huamini kwamba mashine yangu imeharibika. Dawa ni kuiambia programu mfumo ulio sahihi, kwa mfano kwa kuongeza -assume_charset=utf-8 katika amri ya lynx, au -I UTF-8 katika ile ya w3m, lakini ingekuwa bora ukurasa ungeutaja mfumo wake tangu mwanzo.

La pili linahusu ujumbe mfupi wa simu. Viongozi wa vikundi vya wafugaji huniomba nilifupishe tangazo liingie katika ujumbe mmoja, ambao huchukua herufi 160. Ritifaa iliyonyooka imo katika alfabeti ya ujumbe huo, iliyopinda haimo. Ikiingia hata moja, na mtambo unaotuma usiibadilishe wenyewe, ujumbe mzima huhamishiwa katika mfumo mwingine wenye nafasi ya herufi 70 tu, kwa hiyo tangazo la herufi 150 hukatwa vipande vitatu na kikundi hulipia jumbe tatu kwa kila mwanachama. Mwekahazina wa kikundi kimoja aliniuliza kwa nini salio lao lilikwisha kabla ya majina kwisha, na jibu lilikuwa alama moja ndogo ndani ya neno ng'ombe.

Kuna wasomaji watakaouliza kwa nini mtu ajisumbue na amri ilhali anaweza kuyachagua maneno kwa kipanya, akayanakili na kuyabandika. Kwa ukurasa mmoja wanasema kweli, na mimi mwenyewe hufanya hivyo. Kwa kurasa 30 kila juma, mkono huchoka na jicho huruka mistari. Anwani zangu ziko katika faili moja, kila moja katika mstari wake, na amri fupi huzipitia zote ninapochemsha chai. Kubwa zaidi ni kwamba maandishi yaliyotolewa kwa njia ileile kila mara yanaweza kulinganishwa. Naweka faili ya Jumatatu iliyopita kando ya faili ya leo, naandika diff na majina ya faili hizo mbili, na kompyuta hunionyesha mistari iliyobadilika pekee. Mwezi wa Januari amri hiyo ilinionyesha mistari miwili tu katika ukurasa mrefu wa basari: ule wa zamani uliotaja tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu, na ule mpya wenye tarehe iliyorudishwa nyuma kwa siku 6, muda ukawa mfupi zaidi. Hapakuwa na neno lolote juu ya ukurasa kueleza kwamba tarehe imeguswa. Niliwapigia simu wazazi 11 ambao fomu zao nilizichapa, na tisa kati yao waliwahi.

Naheshimu kazi ya wanaotengeneza kurasa za ofisi za umma, na sioni sababu ya kuwataka waache picha na rangi. Ninachowaomba ni kwamba maneno ya tangazo yawemo ndani ya ukurasa yakiwa maneno, maana hakuna programu inayoweza kutoa kisichokuwemo. Mara nyingi mno naendesha amri, naifungua faili, na nakuta mstari mmoja:

[IMG-WA0007.jpg]

Hilo ndilo tangazo zima. Mtu aliipiga picha karatasi iliyogongwa muhuri, akaituma kwa WhatsApp, na mwingine akaipandisha kwenye ukurasa bila kuandika maelezo yoyote ya picha, basi lynx ikafanya kadiri ya uwezo wake kwa kulitaja jina la faili. Ipo programu ya tesseract inayoweza kusoma maandishi yaliyo katika picha, hata ya Kiswahili, lakini picha ikiwa imeinama au ina kivuli cha kidole, nambari 3 hugeuka 8, na katika tangazo nambari ndizo zenye uzito. Afisa aliyeiandika karatasi ile aliichapa katika kompyuta kabla ya kuipeleka kugongwa muhuri. Maneno yalikuwapo tayari; kuyabandika chini ya picha kungemchukua dakika mbili.

Kundi la pili la kurasa zinazonisumbua, baada ya hizo za picha, ni la zile zinazofika zikiwa ganda tupu na kuyaita maneno baadaye kwa njia ya vijiprogramu. Lynx na w3m haziviendeshi vijiprogramu hivyo, na kwa hiyo huleta ujumbe wa kuambiwa uwashe JavaScript, yaani lugha ya vijiprogramu hivyo, kisha basi. Kwa hizo hutumia kivinjari cha Chromium bila dirisha, kwa amri yenye --headless na --dump-dom, ambacho huuendesha ukurasa hadi maneno yajitokeze, ndipo nikayapitisha katika w3m. Hufanya kazi, ila huyatafuna tena yale mamegabaiti tuliyokuwa tukiyakimbia, na tangazo la aya tatu halihitaji kujengwa namna hiyo.

La tatu ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Ofisi ikibadilisha tarehe, baadhi ya waandishi huipiga mstari ile ya zamani na kuandika mpya kando yake. Wakiipiga mstari kwa alama ya HTML iliyowekwa kwa kazi hiyo, lynx na w3m huizungushia neno DEL ndani ya mabano ya mraba, na msomaji huelewa kwamba imefutwa. Wakiipiga mstari kwa mapambo pekee ya CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa, mapambo hayo hupotea maandishi yanapotolewa, na karatasi yangu huonyesha tarehe mbili zilizo sawa kwa hadhi. Vivyo hivyo kwa anayeandika kwamba majina yaliyo kwa rangi nyekundu yaje na stakabadhi zaidi. Kwenye maandishi matupu hakuna jina jekundu, wala kwenye printa ya wino mweusi, wala masikioni mwa asiyeona. Neno moja mbele ya kila jina lingewatosha wote.

Nimemtaja asiyeona kwa sababu ninaye mteja wa namna hiyo, mwalimu mstaafu anayeishi upande wa Maseno, ambaye kompyuta yake humsomea kwa sauti kupitia programu za bure za NVDA na eSpeak NG, na sauti hiyo inajua Kiswahili. Kabla hatujaanza kumpelekea faili za maandishi, kusikiliza ukurasa mmoja wa matangazo kulikuwa kusikiliza kwanza majina ya viungo vyote vya juu, kimoja baada ya kingine, kila alipoufungua. Siku moja aliniketisha nisikilize naye. Nilihesabu viungo 43 kabla ya kulisikia neno la kwanza la tangazo. Sasa kila Jumatatu jioni humtumia faili moja yenye matangazo yote yaliyobadilika, yenye kichwa cha kila tangazo katika mstari wake, na hunijibu kabla ya saa tatu usiku kunieleza ni wapi nimeacha kosa. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kwamba Kifungu cha 7 kinaitaka Serikali ikuze Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Habari iliyofungiwa ndani ya picha haijamfikia, hata kama ukurasa uko wazi usiku na mchana.

Kwa maafisa wa mawasiliano wa kaunti zetu za magharibi ombi langu ni jepesi kulitimiza: kabla ya kuondoka ofisini, kila aliyepandisha tangazo aendeshe amri moja ya lynx juu ya ukurasa wake mwenyewe na akisome kilichotoka. Akikuta jina la picha, au tarehe mbili, au mstari mtupu, atajua nini mkulima wa Kano atakachokiona. Kwa wenzangu wa saiba na walimu wa kompyuta, nimetenga kompyuta mbili kila Jumamosi alasiri, bila malipo, na mtu akija na anwani ya ukurasa mmoja anaoutumia kila mara, ataondoka na amri yake ikiwa imeandikwa kwenye karatasi.

Nawe, Mhariri, nina ombi dogo kuhusu barua hii. Ikiwa utaiweka pia katika wavuti wa gazeti, tafadhali mwagize mpangaji kurasa aziache ritifaa zote za neno ng'ombe zikiwa zimenyooka, isipokuwa ile moja niliyoipinda makusudi, na ile iliyogeuka herufi za kigeni aiache jinsi ilivyo, ili mfugaji atakayelitafuta neno hilo kesho aipate.

Mwenye saiba,
Kondele, Kisumu